Rafu ya Daa

Laurencia alimchukia Eliamini siku kumi na mbili kabla hajamtia machoni. Kosa lilikuwa la barua. Ilikuja na basi la asubuhi kutoka Arusha, mwezi wa pili mwaka 2006, na kwa kuwa kila karatasi iliyoingia Ofisi ya Mipaka ilipitia masjala kwanza, ni yeye mwenyewe aliyeifungua, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaisoma akiwa amesimama. Barua ilisema kwamba mtaalamu angefika Karatu kuandaa mpango wa kuingiza kumbukumbu zote za ofisi kwenye kompyuta. Mpango ukikubaliwa, masjala ingefungwa, na "mtumishi aliyepo atapangiwa kazi nyingine au vinginevyo."

Mtumishi aliyepo ni nani kama si yeye? Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ndiye mwenye ufunguo wa kile chumba cha nyuma, akajua kila ubao wa rafu unaolia ukiuegemea. Alilibeba lile "au vinginevyo" mpaka nyumbani kwake Ganako, akalichambua pamoja na maharage, akalala nalo, na alipoamka lilikuwa bado lipo.

Ofisi yenyewe haikuwa ya kutisha. Vyumba vinne vya bati nyuma ya soko, na mlinzi mmoja mlangoni, Moloimet, aliyetoka Olbalbal na shuka yake na rungu lake na hakuwahi kumpiga mtu. Ilianzia kwenye mradi wa kuhifadhi udongo, miaka ile ya sabini wakulima walipochimbiwa matuta na mipaka yao ikavurugika. Ili watu wasikatane mapanga, kila shamba lilipimwa upya. Karani alikwenda na wenye shamba na majirani, wakatembea mpaka mzima kwa miguu, mti kwa mti wa mnyaa uliopandwa mpakani, kisha kila jirani akaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba ameona na amekubali. Mradi ulikwisha, karatasi zikabaki. Yalikuwa mafaili elfu sita, mia nne na themanini.

Na hayakupangwa kwa herufi wala kwa namba. Mzee Patrisi, aliyemwachia Laurencia ufunguo, aliyapanga jinsi mashamba yenyewe yalivyolala. Faili la shamba lilikaa ubavuni mwa faili la jirani yake, na la jirani ubavuni mwa jirani wa mbele, hivyo hivyo mpaka kata nzima imekwisha na nyingine imeanza. Ukija kutafuta karatasi yako, Laurencia hakukuuliza jina. Majina ya watu wa huku yana tabia ya kuhama: leo mtu ana la nyumbani, kesho la ubatizo, keshokutwa karani mvivu kamwandika la babu yake. Alikuuliza, "Jua linapozama umepakana na nani? Na linapochomoza?" Ukishajibu, yeye alikwenda kwenye rafu kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake, akarudi na faili kabla hujamaliza kukaa.

Eliamini alifika Jumatatu. Alikuwa kijana wa Machame, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kalamu tatu mfukoni. Alishuka na kompyuta, mashine ya skana iliyofungwa kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa, na stebilaiza kubwa ya kutuliza umeme wa Karatu, ambao kila mtu anajua hautulizwi.

"Karibu, Mangi," Moloimet alimwambia, maana kwake kila mtu wa Kilimanjaro alikuwa Mangi. "Hicho kisanduku kinafanya nini?"

"Kinapiga picha karatasi, mzee wangu. Ofisi yote hii itaingia kwenye sidii nne au tano."

Moloimet aliitazama ofisi, akakitazama kisanduku, akacheka kwa adabu.

Tuseme ukweli, kijana alikuwa na heshima. Alimwamkia Laurencia shikamoo, akasimama mpaka alipoambiwa aketi, na swali la kwanza aliloliuliza ndilo hasa lililopaswa kuulizwa.

"Mama, haya mafaili yamepangwaje?"

"Yamepangwa," alisema Laurencia.

Eliamini alisubiri. Alidhani sentensi inaendelea. Laurencia akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa imeshafutwa. Alijua kabisa anachofanya, na ndani yake mlikuwa na utamu fulani ambao baadaye alikuja kuuonea haya. Kama anataka kunitoa humu, aliwaza, basi na akifungue chungu mwenyewe ajue kilichopikwa.

Kijana hakuona mpangilio wowote, na angeuona wapi? Aliona Martini kafuatwa na Zakaria, Zakaria kafuatwa na Bura. Akaandika kwenye daftari lake: *mafaili hayana utaratibu*. Kisha akafanya hesabu zake, na hesabu alizijua. Faili moja lilikuwa na kurasa kama kumi na moja. Skana ingeweza kurasa mia nne kwa siku, umeme ukiwepo. Kwa hiyo kazi yote ingechukua siku mia na sabini na tisa. Kulikuwa na pini zilizoota kutu za kung'olewa moja moja, karatasi zilizoliwa na mende za kunyooshwa, na nakala ya pili ya kila sidii ya kupelekwa Arusha, ofisi ikiungua isiungue na kumbukumbu. Huo ndio ulikuwa mpango. Lakini mpango haujaribiwi kwa mdomo, akasema, kwa hiyo tuanze na rafu moja tuone.

Akachagua rafu ya kata ya Daa. Mafaili mia mbili na kumi na nne.

Jumanne nzima waliyashusha. Eliamini aliyapanga upya kwenye makatoni kwa herufi, kuanzia A mpaka Z, kwa jina la kwanza la mwenye shamba, na kila jina akaliandika kwenye kompyuta pamoja na mwaka na kitongoji. Aliyekuwa akimpa faili baada ya faili, mkono kwa mkono, ni Laurencia. Kuna mahali katikati, alipoona mashamba ya watu waliopakana tangu enzi za babu zao yanatupwa moja katoni hii na jingine katoni ile, alilishikilia faili moja kabla ya kulitoa. Angeweza kusema neno. Hakusema. Saa kumi jioni rafu ya Daa ilikuwa tupu, vumbi limechora mistari pale yalipokuwa majirani, naye akafunga mlango akaenda zake.

Jumatano asubuhi akaja Evarista.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Daa hukohuko, kanga mbili, viatu vya plastiki mkononi ili visichafuke, na mfuko wa nailoni alioushikilia kifuani. Alianza kulia kabla hajasema, akajikaripia mwenyewe, akajifuta, akaanza upya. Mume wake, Sebastian Tarmo, alifariki mwaka uliopita. Sasa shemeji yake Vedasto, mdogo wa marehemu, anadai kwamba shamba lile lilikuwa la baba yao, kwamba marehemu aliachiwa alime tu, na kwa kuwa Evarista hakuzaa mtoto wa kiume, lirudi kwa ukoo. Baraza la kata lingekaa Ijumaa. Mwenyekiti alimwambia wazi: leta karatasi ya mpaka yenye mume wako ndani, au shamba linakwenda.

"Nina mabinti wawili, wote wameolewa," alisema Evarista. "Nikitoka pale nitakwenda wapi? Nitalala sebuleni kwa wakwe?"

"Tulia, mama," Eliamini alisema kwa furaha, maana hii ndiyo nafasi aliyoisubiri. "Daa imeshaingia yote. Dakika moja tu."

Akaandika *Sebastian*. Kompyuta ikaleta saba. Wakawapitia mmoja mmoja na Evarista akawatambua wote: huyu ni wa karibu na kisima, huyu ni kijana wa juzi, huyu ni mlevi. Marehemu hakuwamo. Akaandika *Tarmo*. Zikaja nyingine tano, nazo za watu wengine. Akajaribu mwaka, akajaribu kitongoji. Halafu, saa tano kasoro, umeme ukakatika, na stebilaiza ikatoa mlio wa kuaga.

Evarista alimwangalia kijana, kijana akaiangalia kompyuta iliyozimika, na Laurencia akaangalia rafu. Juzi tu, siku mbili zilizopita, angemuuliza huyu mama maswali mawili na kumpa faili lake. Sasa lilikuwamo humo katika makatoni, chini ya jina asilolijua yeye wala mwenye nalo, na aliyelitoa pale kwa mkono wake ni yeye. Aliona aibu hata masikio yakamwaka.

Moloimet alikuwa ameegemea mlango, akisikiliza kama kawaida yake.

"Kwetu Olbalbal," alisema, hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa, "ng'ombe akipotea hatuanzi na jina lake. Tunauliza jana alitembea na nani." Kisha akamgeukia Laurencia, akamwita mama kwa Kimaasai. "Si ndivyo unavyofanyaga wewe, Yeyo? Miaka yote nakusikia."

Hapo Laurencia akakaa chini. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Mwanangu," alimwambia Eliamini, "nimekukosea. Na huyu mama nimemkosea zaidi." Akamweleza yote: mzee Patrisi, majirani, rafu iliyolala kama mashamba, na jinsi alivyoona mpangilio ukivunjwa akanyamaza.

Kijana aliinuka. Shati lile la pasi lilikuwa limeshaanza kulowa mgongoni.

"Mama, lakini nilikuuliza! Siku ya kwanza, swali la kwanza!"

"Uliniuliza."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu niliisoma barua yako. Ulikuja kunitoa, nami nikataka uanguke. Sikufikiri utamwangukia nani."

Eliamini alikwenda mlangoni, akatazama magari ya watalii yanavyopita kwenye lami kuelekea geti la Ngorongoro. Wengine wangebeba skana yao wakarudi Arusha na ripoti ya kumchoma. Huyu alirudi, akakunja mikono ya shati, akakaa sakafuni katikati ya makatoni.

"Haya," alisema. "Tunaanzia wapi?"

Laurencia alimgeukia Evarista, akamwita mama kwa Kiiraqw. "Aayo, niambie. Jua linapozama umepakana na nani?"

"Martini. Yule mwenye mguu mbovu, baba yake Anneth."

"Ng'ambo ya Martini?"

"Shamba la misheni."

"Na juu kwako?"

"Kijito. Chini ndiyo huyo Vedasto, lakini zamani pote pale paliitwa kwa baba mkwe."

Akina Martini walikuwa tisa. Faili halisemi mguu, kwa hiyo waliyafungua yote tisa pale dirishani penye mwanga. Kila faili lilikuwa na karatasi ile ya kutembea mpaka, na ndani yake pande nne zimeandikwa: juu, chini, linapochomoza, linapozama. Akina Martini watatu walikuwa na kijito upande wa juu. Mmoja tu kati yao alikuwa na misheni linapozama. Laurencia akashusha kidole mpaka upande wa pili, ambako jua linachomoza, ambako ndiko kwa Evarista.

"Qwaray Lohay," alisoma.

Evarista alitoa macho. "Qwaray Lohay ndiye nani?"

"Humjui?"

"Simjui! Mimi nimetoka Mbulu kuolewa pale mwaka themanini na moja, sijamsikia mtu huyo." Sauti ilianza kupanda. "Kumbe Vedasto kasema kweli? Kumbe shamba ni la mtu mwingine kabisa?"

Hofu hiyohiyo ilimpita na Laurencia. Alikwenda kwenye katoni ya Q. Mlikuwa na mafaili manne tu, na la tatu ndilo. Jalada la kahawia, 1974, kurasa sita. Pande zilikubaliana: kijito juu, Martini linapozama. Shamba lilikuwa lilelile. Jina ndilo lilikuwa la mgeni.

"Tungekuwa nayo rafu yako, ungelipata mara moja," alisema Eliamini polepole. Alikuwa hajasimama. Alikuwa amelishika faili la Martini mkono huu na la Qwaray mkono ule, kama mtu anayepima viazi. "Lakini mama, rafu ina kushoto na kulia tu. Shamba lina pande nne. Jirani wa juu na wa chini ulikuwa unamweka wapi?"

"Hapa." Laurencia aligusa paji la uso wake.

"Wote?"

"Wote."

"Na ungestaafu?"

Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Aliwaona watu wa kata nzima, tena kata zote, wamesimama kwenye foleni na mifuko yao ya nailoni mbele ya meza isiyo na mtu, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua hakujihurumia yeye.

"Wangepotea," alisema.

Umeme ulirudi saa nane. Eliamini alilaza ukurasa wa mwisho wa faili la Qwaray kwenye skana, ule wenye madole gumba, kwa sababu wino ulikuwa umefifia na macho ya Evarista yalikuwa yamechoka kwa umri na kwa machozi. Taa ya kijani ikapita chini ya kioo. Karatasi ya mwaka 1974 ikatokea kwenye kompyuta, nyeupe kuliko ilivyokuwa. Akaikuza. Akaikuza tena, mpaka dole la mwenye shamba likajaza kioo, mistari yake yote imezunguka kama matuta ya kilimani, na katikati, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, mstari mmoja mweupe ulionyooka umekata matuta yote.

Evarista alisogea. Akasogea tena mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Panga," alisema.

"Panga gani, mama?"

"Alijikata na panga akiwa kijana, akikata mikonge. Hili dole nalijua. Miaka ishirini na nne limeshika mkono wangu." Alikuwa analia tena, lakini safari hii hakujikaripia. "Ni Sebastian. Ni Sebastian huyu! Aliniambia alipobatizwa aliliacha jina la zamani, hakutaka hata kulitamka, alisema ni la ujinga. Hakuniambia lilikuwa lipi."

Alifungua mfuko wa nailoni kwa meno, fundo lilikuwa limekaza. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa cha parokia. Marehemu hakujua kuandika, na mahali pa sahihi aliweka dole. Eliamini akakilaza kwenye skana. Akayaweka madole mawili ubavu kwa ubavu, la 1974 na la 1981. Mstari mweupe ulipita palepale, kwenye matuta yaleyale.

Moloimet, aliyekuwa ameacha mlango bila mlinzi, aliguna kwa mshangao. "Mangi," alisema, "kisanduku chako kina macho."

Ijumaa Laurencia aliomba ruhusa akaenda Daa na Evarista, amebeba faili lenyewe na karatasi iliyochapwa yenye madole mawili makubwa kama sahani. Baraza lilikaa kwenye darasa la shule, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Vedasto alisimama akaeleza kesi yake vizuri. Hakuwa mtu mbaya wa sura, na alimtaja marehemu kwa heshima. Mwenyekiti akapokea faili, akalisoma mpaka mwisho, akaweka kidole mahali.

"Hapa, jirani wa chini aliyeshuhudia mpaka wa Qwaray Lohay. Vedasto Tarmo. Hili dole ni la nani?"

Vedasto aliijongelea ile karatasi. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoweka dole lile, na pengine kweli alikuwa amesahau. Watu wote waliokuwamo mle ndani walimjua marehemu, na wazee wawili watatu walishaanza kutazama viatu vyao, maana jina lile walilikumbuka.

"Ni langu," alisema.

"Na huyu Qwaray uliyemshuhudia ni nani?"

Angeweza kusema hamjui. Evarista alishika kanga yake kwa mikono yote miwili.

"Ni kaka yangu," alisema Vedasto. "Lohay alikuwa babu yetu. Qwaray ni kaka yangu Sebastian." Akakaa chini, na baraza likaamua shamba libaki kwa Evarista.

Jumatatu iliyofuata Laurencia na Eliamini waliirudisha rafu ya Daa, faili kwa faili, jirani kwa jirani, kazi ya siku moja na nusu. Mpango ulishabadilika. Kila faili kwenye kompyuta lingekuwa na majina yote ya mwenye shamba, la nyumbani na la ubatizo, na visanduku vinne: juu, chini, linapochomoza, linapozama. Ukibonyeza jirani, faili lake lingefunguka, na ukibonyeza jirani wa jirani, hivyohivyo, mpaka uizunguke kata nzima ukiwa umekaa. Karatasi zenyewe zisingetupwa. Na visanduku hivyo, Eliamini aliandika kwa kalamu nzito, havijazwi na mashine wala na mtu wa Arusha. Masjala isifungwe, apatikane msaidizi wa kufundishwa na Mama Laurencia, akili yake iingie kwenye kumbukumbu kabla ya karatasi. Siku mia na sabini na tisa zikawa mia tatu. Bwana Alex, mkuu wa ofisi, alilalamikia hizo siku mia tatu, akaguna, kisha akatia sahihi.

"Na Arusha wakikataa?" Laurencia aliuliza.

"Nitawapelekea yale madole mawili," alisema Eliamini. "Wakatae wakiwa wanayatazama."

Alhamisi, wakati wanajaribu kisanduku cha kwanza, Moloimet alibisha mlango uliokuwa wazi. Evarista alikuwa nje, safari hii viatu amevaa, na nyuma yake hatua tatu alisimama Vedasto, kofia mkononi.

"Nimekuja kuuliza," alisema Evarista. "Kwenye hiyo kompyuta yenu, jirani wa juu wa Vedasto mmeandika nani?"

Eliamini akaangalia. "Qwaray Lohay, aitwaye Sebastian Tarmo."

"Sebastian hayupo," alisema. "Anayelima pale ni mimi. Niandikeni mimi."

Laurencia alifungua droo. Tangu akabidhiwe masjala ile hakuwahi kufungua faili jipya la Daa, na jalada alilolitoa lilikuwa limekunjika kwa kukaa. Aliandika juu yake jina la Evarista, peke yake, kwa herufi kubwa. Akaleta kidau cha wino. Evarista akachovya dole gumba akaligandamiza kwenye karatasi, kwa nguvu, akalishikilia pale kuliko inavyohitajika.

"Sasa jirani wa chini," alisema Laurencia. "Aliyeona na kukubali."

Vedasto alisogea mezani. Alimtazama shemeji yake, naye akamtazama, na hakuna aliyeinamisha macho. Kisha akaweka kofia chini, akachovya dole lake kwenye wino uleule.